Benchi la Kuoshwa Miguu

Simu ililia nikiwa jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Sauti ya mwanamke nisiyemjua, upepo wa ziwa ukivuma katikati ya maneno yake, ikaniambia: "Mauwa, kaza roho. Mama Mauwa ameshatuacha." Nikageuka nikatazama uani. Mama Mauwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele huku akimfokea kuku. Kwa kitambo kidogo sikuelewa chochote. Halafu nikauliza anapigia wapi, ingawa nilikwishajua, na yule mama akasema anapigia Kazimia.

Wenzangu mliokulia Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, hamhitaji kuelezwa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kwanza linakwenda kupumzika, naye anakuwa mama wa fulani mpaka siku ya kuzikwa. Mauwa ni mimi. Na mama Mauwa walikuwa wawili, mtu na mdogo wake, walionipenda wote wawili na ambao kwa miaka mingi hawakuweza kupeana hata salamu. Sasa mmoja ametangulia, aliyebaki yuko pale uani na mchele wake, na hakuna mwingine wa kumwambia isipokuwa mimi.

Mama aliponiachisha ziwa alifanya kama wanavyofanya wanawake wa kwetu: alinipeleka kwa ndugu yake ili nilisahau titi. Mama mkubwa alikuwa anakaa Fizi, juu kwenye baridi, na hakuwa amejaliwa kuzaa. Ni jambo la muda mfupi tu. Mtoto analia, anabembelezwa kwa uji, anasahau, anarudishwa. Lakini kabla sijarudishwa, risasi zilifika Baraka, watu wakajitupa kwenye mitumbwi na nguo walizovaa, na mama akajikuta ng'ambo, Tanzania, kambini, maziwa bado yanamvuja kifuani. Hilo la maziwa aliniambia baadaye sana, nilipokuwa nimezaa na mimi. Hakuna aliyemwacha mwenzake kwa kupenda. Mpaka leo nikimtafuta wa kulaumu kati ya wale wawili simpati, na hilo ndilo linaloniudhi.

Basi nikakulia mgongoni kwa mama mkubwa. Mambo yalipotulia tulishuka Baraka, naye akaanza kupika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba, kwenye pipa lililokatwa nusu. Harufu ile, ya mafuta yaliyochomeka kidogo, na moshi, na kitu kikali kinachowasha pua, ndiyo harufu ya utoto wangu mzima. Ilikuwa kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, kwenye nywele zangu, hata kwenye uji. Jirani wote walimwita Mama Mauwa, na mimi nilimwita Mama, kwa sababu sikuwa na neno lingine la kumwita.

Hata hivyo hakunificha. Jioni alinisimamisha ufukweni akanionyesha ziwa. "Uko na mama mwingine ng'ambo kule," alisema. "Ye njo alikuzalaka. Iko siku atarudia." Nilitazama nikaona milima ya bluu upande wa pili wa maji, nikaipungia mkono. Niliipungia kila nilipotumwa maji, miaka na miaka, na siku za mawingu nilihuzunika kwa sababu mama alikuwa haonekani. Nilikuwa binti mkubwa nilipotambua kwamba ile ilikuwa Ubwari tu, rasi yetu wenyewe, Kongo ileile, na kwamba waliokuwa wanapungiwa mkono ni wavuvi na mbuzi wao. Tanzania iko nyuma ya milima hiyo, mbali, na haionekani kabisa.

Mama alirudi wakati meno yangu ya mbele yameng'oka. Alikuja kutoka bandarini na mfuko mmoja kichwani, mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu kama yangu, akasimama mlangoni pa ua. Mama mkubwa alikuwa anakoroga sabuni akiwa ametupa mgongo. Jirani aliyechungulia juu ya ua akaita kwa furaha: "Mama Mauwa, uko na mugeni!" Wakaitika wote wawili, kwa pamoja. Mama mkubwa kwa sababu ndivyo alivyoitwa pale. Mama kwa sababu ndivyo alivyoitwa kambini miaka yote, na kati ya vitu vyote alivyokuwa navyo Baraka, jina hilo tu ndilo alilovuka nalo ziwa.

Walikumbatiana, walilia, msiniulize zaidi. Mimi nilikimbilia nyuma ya sketi ya mama mkubwa. Mama akanyoosha mikono, sikuenda. Nilikuwa mtoto, nilifanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya, lakini niliuona uso wake ukibadilika na sikujua namna ya kuurudisha ulivyokuwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maneno machache, na mtaa mzima uliyajua. Mama alitaka ndugu yake asimame mbele ya watu aseme: huyu ni mtoto wa mdogo wangu, aliwekwa kwangu tu, na mama yake amekuja. Mama mkubwa naye alitaka kitu kidogo zaidi. "Aseme aksanti," aliwaambia waliokuja kuwapatanisha. "Mbele ya batu. Neno moja tu, sitaki hata mbuzi." Ujumbe ukafika kwa mama, naye akawaka. "Niseme aksanti juu ya mutoto mwenye nilizaa mi mwenyewe? Kama njo vile, basi nilimuuzisha!" Wapatanishi wakanywa chai, wakapeleka jibu, wakaleta jibu. Nilihamishwa kwa mama, kwenye nyumba ya kupanga karibu na soko, na nikakatazwa kukanyaga kwa mama mkubwa mpaka aombe msamaha.

Sasa nikienda bombani kuchota maji ilinibidi nipite mbele ya ua wake. Mama mkubwa akiniona aliingia ndani, ili isisemwe kwamba ananiiba. Lakini juu ya jiwe lililo kando ya njia nilikuta jani la mgomba, ndani yake ndakala, wale dagaa wetu, waliokaangwa kwa mawese, bado wana moto. Nilikula nimechuchumaa, nikilamba vidole. Nikifika nyumbani mama alikuwa ananisikia harufu. Alichukua maji akaninawisha mikono polepole, kidole kimoja kimoja, na kichwa kimeinama, na mimi nilitamani anipige ili iishe.

Wote wawili walikuwa wa kanisa moja, na hapo ndipo nilipoweka matumaini yangu. Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, watu huoshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, katikati pametundikwa vikwembe kwenye kamba. Maji yanapashwa moto nje, beseni linawekwa mbele ya benchi, mmoja anakaa, mwingine anapiga magoti. Mwenye neno na ndugu yake anatakiwa amwendee huyo kwanza. Monitrisi wetu wa shule ya Jumapili, msichana mwenye sauti kali, alitufundisha vizuri: jinsi Bwana Yesu alivyojifunga taulo, jinsi Petro alivyokataa kuoshwa kwa sababu ya kiburi kilichojifanya heshima, jinsi jemadari Naamani alivyokasirika kuambiwa akaoge mtoni kama watu wa kawaida. Kisha alituuliza nani ni mkubwa, anayeosha au anayeoshwa? Tukapiga kelele: anayeosha! Tukapewa pipi.

Nilielewa somo kwa namna yangu. Niliamini kwamba neno baya linatoka mwilini kupitia nyayo na kuingia kwenye maji, ndiyo maana maji yanageuka rangi. Baada ya ibada Mama Shemasi aliyamwaga kwenye mipapai nyuma ya kanisa, na mapapai ya pale yalikuwa makubwa na matamu kweli, watoto wenzangu waliyaiba. Mimi sikuyagusa. Nilijua yamekunywa nini. Nilichokuwa sijakigundua ni kwamba wamama walikuwa wanasugua visigino nyumbani kwa jiwe, wanapaka mafuta, wanavaa viatu vya kufunika, ili atakayewaosha asikute uchafu hata kidogo. Na kila mmoja alikimbilia kuosha. Kulikuwa na kusukumana chini kwa chini kuwahi kupiga magoti. Benchi lilijaa kwa shida, kana kwamba waliokaa pale wameshikwa na makosa.

Basi ikafika Jumapili yenyewe. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe mpaka jasho likamlowanisha koti, kisha sauti yake ikasikika kutoka ng'ambo ya vikwembe: "Benye kuwa na neno na ndugu yake, baanze!" Mama alisimama. Upande wa pili wa safu, mama mkubwa naye alisimama. Wamama wote wakavuta pumzi, halafu wakaanza kuimba. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa watoto, mbele kabisa, na moyo wangu ulidunda hata nikaushika kwa mkono.

Walikuja mpaka kwenye beseni. Mama alichukua taulo akajifunga kiunoni. Mama mkubwa akachukua taulo jingine, akajifunga. Mama akapiga magoti upande huu, na mama mkubwa akapiga magoti upande ule, benchi likabaki tupu kati yao.

"Yaya, dada yangu, ikala nikuoshe," mama alisema akimwonyesha benchi.

"Hapana. Ikala we. Mi njo mukubwa, mi nikuoshe."

"Mukubwa anaoshwaka."

"Bwana Yesu alikuwa mukubwa, na aliosha."

Mtu alicheka nyuma. Mama Shemasi, mwanamke mnene asiyependa kuchelewa, aliinama katikati yao. "Bamama, mumoja aikale tu. Maji inapoa."

Hakuna aliyekaa. Wimbo ulidhoofika, ukaisha. Halafu mama alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua macho: "Mwenye alikosa njo anaikala."

"Basi ikala," mama mkubwa akamjibu.

Sijui hata leo ni nini kilichoniinua. Sikuwa na wazo lolote la kijanja, msinipe sifa hiyo. Niliona tu benchi tupu, na maji yanapoa, na wale wawili wamepiga magoti wakitazamana kama watu wanaosubiri nani atapepesa jicho kwanza. Nilikwenda nikakaa. Nikaweka miguu yangu ndani ya beseni, miguu ya vumbi, yenye kucha nyeusi, isiyosuguliwa na jiwe lolote.

Mama akashika mguu wa kulia. Mama mkubwa akashika wa kushoto. Mama mkubwa aliosha taratibu, akipitisha kidole kati ya vidole vyangu kama alivyonifanyia tangu utoto. Mama aliosha kwa haraka, kwa nguvu, mpaka kidole gumba chake kikafika kwenye kisigino, kwenye kovu. Niliwahi kukanyaga jembe nikiwa Fizi, nikavuja damu mpaka nikazimia. Mama hakulijua kovu lile. Alisimamisha mkono, akaligusa tena. Aliyekuwa na habari za kovu hilo alikuwa amepiga magoti karibu naye kiasi kwamba vilemba vyao viligusana, na ilitosha kuuliza. Nilimtazama mama nikimwomba kwa macho aulize. Akainamisha kichwa, akaendelea kusugua.

Vigelegele vilipigwa hadi ndege wakaruka kutoka kwenye bati. Watu walilia, walikumbatiana, waliangusha vikwembe vya kamba. Mchungaji aliingia upande wetu akanibeba juu akasema mtoto mdogo ametufundisha unyenyekevu, Shetani ameshindwa, jambo limekwisha. Kila mmoja akanikausha mguu wake kwa taulo lake. Kisha walipokea mkate na kikombe, wakatoka, mmoja kwa mlango huu na mwingine kwa ule. Mama alinishika mkono tukaenda kushoto. Niligeuka nikamwona mama mkubwa anakwenda kulia, na mgongo wake haukugeuka.

Hapo ndipo mlango wa kupatana ulipofungwa. Kabla ya siku ile wazee walikuwa wanakuja, chai inanywewa, majibu yanapelekwa. Baada ya siku ile hakuja mtu, kwa maana mbele ya kanisa walikuwa wamepatana, na nani awapatanishe waliokwisha kupatana? Mchungaji aliisimulia habari yetu kwenye mahubiri, na wageni kutoka Makobola na kwingine walitaka kumwona yule mtoto. Nilisimamishwa mbele, nikapigiwa makofi. Nilitaka kusema kwamba hawajasemezana, kwamba jana nimekula ndakala juu ya jiwe tena. Lakini mtu mzima akikushika bega na kukusifu, useme nini?

Mwishowe mama mkubwa alifunga pipa lake akahamia Kazimia. Nilisikia bombani kwamba ameshaondoka. Nilikwenda kwenye jiwe nikakuta jani limekauka, tupu, sisimizi wanatafuta. Nililia pale hadi mtu aliyetoka bombani akanisukuma kwa ndoo yake.

Nilipokuwa mtu mzima nilimtembelea. Mama alijua na hakuuliza. Kila nilipoondoka Kazimia mama mkubwa alinifungia vipande vya sabuni, hakusema ni vya nani. Niliviweka kwenye bafu ya mama. Vilitumika, vikaisha, nikaleta vingine. Mara nyingine nilimkuta mama ameshika kipande puani, macho amefumba, akinisikia anakirudisha haraka. Nilijaribu maneno. Kila mmoja aliniambia yeye amesamehe zamani, kwa moyo wote, anasubiri mwenzake tu. Nilikuwa naenda na kurudi kama chombo cha abiria, na mizigo ileile.

Basi siku ile ya simu nikanawa unga, nikatoka uani. "Mama," nikasema, "simu imetoka Kazimia." Hakuniuliza nani. Alimwaga mchele pamoja na mawe aliyokwisha kuyachagua, vyote kwenye sufuria moja, akasimama kutafuta viatu.

Tulifika Kazimia na boti ya wafanyabiashara wa samaki, tumekaa juu ya magunia. Ua ulijaa. Mwanamke mmoja akanishika mashavu: "We njo Mauwa? Mama yako alikuwaka anatuelezea mambo yako kila siku." Kisha akamgeukia mama akauliza ni nani. Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia: "Mi niko mudogo wa Mama Mauwa." Wakampisha apite.

Wanawake walikuwa wameanza kumwosha marehemu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mama alijifunga kikwembe kiunoni akapiga magoti upande wa chini. "Muniachie miguu," akasema. Wakamwachia. Nikamletea beseni, na sabuni, kipande cha mwisho alichokipika marehemu mwenyewe, na ile harufu ikajaa chumba chote. Mama aliosha polepole. Aliosha visigino vilivyopasuka, akapitisha kidole kati ya kidole na kidole. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumkataza. Alipomaliza aliikausha ile miguu, akaiweka pamoja, akaishika.

"Aksanti, Mama Mauwa," akasema.

Wale wengine hawakujua walichokisikia, wakaendelea kuimba kwa chini. Mama alijivuta akaketi kwenye benchi lililokuwa ukutani. Akavua viatu. Akavuta beseni kwa mguu, akatumbukiza miguu yote miwili ndani ya maji yaleyale, akaweka mikono magotini na kumtazama dada yake, akasubiri. Nyimbo zikakatika. Wanawake wakanitazama mimi, maana mimi ndiye mtoto.

Nilipiga magoti mbele yake, nikachukua sabuni, nikashika mguu wake. Aliutoa mkononi mwangu, bila hasira.

"Wacha, Mauwa," akasema. "Haiko we njo wa kuniosha."

Nikabaki nimepiga magoti pale na sabuni mkononi, na maji yakaendelea kupoa.